Stori ya jasusi Nairobi: afisa wako umsimamishe kwenye njia panda gani?

Mwaka jana nilikwama kwa skripti moja karibu miezi mitatu. Mhusika nilikuwa naye, afisa wa ujasusi wa miaka arobaini hivi, mji nilikuwa nao, tishio nilikuwa nalo, hata jina la stori nilikuwa nishaliandika kwa karatasi nikabandika ukutani. Kilichokosa ni ule mtihani wa roho, pale mahali huyu mtu anashikwa na mambo mawili na yote mawili ni mabaya, na akichagua lolote kuna mtu anaumia. Bila hiyo unabaki tu na watu wanafukuzana River Road na bastola, na msikilizaji anakupa dakika tano anaenda kuangalia mpira.

Tangu hapo nimekutana na watu wengi wanaandika stori kama hizi, za sauti, za video fupi za simu, za kusoma, na wengi wamekwama hapo hapo. Kwa hivyo nimeweka hapa njia panda nne zenye naona zinawezekana ukiwa Nairobi na bajeti ya kawaida, nizipime kwa vipimo vilevile, alafu utajichagulia. Ya tano, ya droni na kombora, nimeiacha nje makusudi. Ile filamu ya 2015 iliyowekwa Eastleigh, Eye in the Sky, ilishaifanya na pesa nyingi, na hata hivyo Eastleigh yao walienda kuipiga picha Afrika Kusini, alafu wanaoamua wako Uingereza na Marekani, Mnairobi anabaki mtu wa chini anayetazamwa kutoka juu. Mimi nataka afisa ambaye kesho atapanda matatu moja na yule aliyemwamulia.

Kabla ya vipimo kuna kitu kinaniuma lazima nikiseme. Huu mji haujasoma haya mambo kwa vitabu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani liliua watu 213 hapa mjini na 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo, na wengi wa hapa hawakuwa wa ubalozi, walikuwa ndani ya jumba la Ufundi lililoporomoka, ama kwa basi, ama kwa njia wakienda zao. Mall ya Westgate, Septemba 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. Hoteli ya DusitD2, Januari 2019, watu 21. Ukiandika mlipuko kuna mtu atakusikiza na ana kovu mkononi la kioo cha siku hiyo. Andika kama unayejua yuko hapo.

Sasa vipimo. Cha kwanza na cha maana kuliko vyote kwangu ni nani analipa, yaani afisa akikosea, gharama inamwangukia nani, na huyo mtu ana jina ndani ya stori ama ni umati tu? Cha pili, pande zote mbili zina hoja ya kweli, ama upande mmoja umewekwa pale kama ukuta wa kupigwa teke? Cha tatu, Mnairobi ataamini? Cha nne, kazi yenyewe, ya kuandika na ya kutengeneza, pamoja na pesa.

KUMTUMIA INFORMA UKIJUA ANAWEZA KUUAWA

Afisa ana kijana, tuseme anatengeneza simu kwa kibanda, na huyo kijana ndiye macho yake ndani ya kundi. Kijana anaanza kuogopa. Anasema mkubwa mimi nataka kutoka. Afisa anajua akitoka sasa mpango wa shambulizi utapita gizani, akibaki wiki mbili pengine watanaswa wote, na pengine kijana mwenyewe atapatikana kwa gunia.

Nani analipa? Kijana, na nyuma yake mama ambaye hata hajui mwanawe alikuwa anafanya kazi gani, kwa hivyo akiuawa atazikwa kama gaidi na majirani hawatakuja matanga. Hapa ndo watu wengi huharibu, wanamuua informa episodi ya tatu ili akta akasirike, alafu tunasonga mbele na mama hatumwoni tena. Inanikera sana. Huyo mama ndiye stori.

Hoja za pande zote zipo, tena nzito. Wa kwanza atakuambia bila mtu wa ndani hakuna ujasusi, kamera haiwezi kukuambia mtu anawaza nini. Wa pili atakuonyesha Ireland ya Kaskazini, ambapo jeshi la Uingereza lilikuwa na mtu wake ndani ya IRA, kundi la silaha lililokuwa linapigana na Uingereza, jina la siri Stakeknife, ndani ya kile kitengo cha IRA kilichokuwa kinawasaka na kuwaua wasaliti, na uchunguzi uliotoa ripoti ya awali Machi 2024 ukasema pengine maisha mengi yalipotea kuliko yale aliyookoa. Alafu kuna upande wa tatu watu husahau, kwamba informa naye anaweza kukugeuka. Desemba 30, 2009, kule Khost, Afghanistan, daktari mmoja wa Jordan ambaye CIA, majasusi wa Marekani, waliamini ni mtu wao aliingizwa kambini bila kupekuliwa, akajilipua, akaua watu 7 wa CIA na wengine. Hawakumpekua. Ukifikiria hiyo kama mwandishi unaona jinsi heshima ndogo ya kumkaribisha mgeni inaweza kugeuka kuwa mlango wa kifo, na hiyo ni kitu Mswahili anaelewa bila kuelezewa.

Nairobi itaamini? Sana. Na si lazima awe kijana wa mtaani. Mmoja wa waliovamia Garissa alikuwa amesoma sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, babake ni chifu kule Mandera, na huyo mzee alikuwa ameshaambia serikali kwamba kijana wake amepotea na anahofia amevuka kwenda Somalia. Hebu kaa na hiyo kidogo. Mzazi anaenda kwa ofisi kumtaja mtoto wake mwenyewe, kwa kumpenda, akitumaini wamrudishe akiwa hai, na afisa aliye upande wa pili wa meza anaandika jina kwa faili. Mzee anauliza, mwanangu mtamfanya nini? Afisa ajibu nini? Akisema ukweli mzee atanyamaza na wazazi wengine hamsini watanyamaza, akidanganya amemuuza baba. Mimi sijaona njia panda kali kuliko hii kwa mazingira yetu, na haina hata risasi moja.

Kazi: kutengeneza ni rahisi, watu wawili, meza, chai, mvua ya mabati. Kuandika ndo kugumu, ju yote iko kwa mazungumzo na lazima afisa ampende huyo kijana kweli, amwite ndugu yangu na amaanishe, na bado amtumie. Kama bado huwezi kuandika watu wawili wakikaa kwa chumba kwa dakika kumi bila kitu kulipuka, ngoja kidogo kabla ya kujaribu hii. Inamfaa mwenye sikio la maongezi na mwenye waigizaji wawili wazuri, na inafaa sana stori ya sauti.

KUKAMATA SASA AMA KUNGOJA KIDOGO

Afisa anajua wapo wanne, anaona wakikutana, lakini hajui bosi wao ni nani. Akiwakamata leo mti umekatwa mizizi imebaki. Akingoja, kila siku anayongoja ni ya kwake.

Nani analipa hapa ni watu wenye hawajui kama wanalipa, abiria, mama mboga, watu wa kanisa. Huo ndo udhaifu wa hii njia panda, umati hauna jina. Dawa yake ni kumpa afisa mtu mmoja ndani ya umati, dadake anauza nguo Gikomba, mtoto wake anapitia hapo akienda shule, na usiifanye ionekane ya kubandikwa.

Hoja zake ndo zimesawazishwa kuliko zote nne, kwa maoni yangu. Chukua London. Februari 2004 wafanyakazi wa ghala moja la kukodisha, magharibi mwa mji, walishuku mbolea iliyowekwa pale, kilo 600 za amonia naitreti, wakapigia polisi. Polisi hawakukamata siku hiyo. Waliingia wakaibadilisha na kitu kisicholipuka, wakaweka afisa wa kike pale mapokezi akijifanya karani, wakangoja hadi mwisho wa Machi ndo wakawanasa, na 2007 watu watano wakafungwa maisha. Kungoja kulilipa. Lakini katika hiyo hiyo operesheni, waliokuwa wanafuatwa walionekana wakikutana na jamaa mmoja ambaye hakupewa uzito, na tarehe 7 Julai 2005 huyo jamaa akaongoza wenzake kulipua treni na basi London, watu 52 wakafa. Operesheni moja, macho yaleyale.

Na hapa nyumbani, Agosti 1997 wapelelezi wa Marekani pamoja na polisi wa Kenya walipekua nyumba ya Wadih el-Hage hapa Nairobi, mtu aliyekuwa karibu na bin Laden, kiongozi wa al-Qaeda, wakachukua kompyuta na karatasi, yeye akaondoka nchini. Mwaka mmoja baadaye, Agosti vilevile, bomu. Alihukumiwa New York 2001. Kwa hivyo mtu wa Nairobi ukimwambia walikuwa wanajua kitu, hashtuki, ashaisikia kwa baba yake, na hapo imani unaipata bure.

Kitu cha kuzingatia ukiandika: katika Kenya kazi ya NIS, idara ya ujasusi, ni kukusanya habari, kukamata na kupeleka mtu kortini ni ya polisi, na kwa ugaidi ni kile kitengo cha ATPU kilichoanzishwa 2003. Katiba ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya masaa 24, na kama polisi wanataka siku zaidi wanaenda kuziomba kwa hakimu. Yaani afisa wako akikamata mapema anatakiwa kuonyesha ushahidi, na ushahidi wenyewe pengine umetoka kwa mtu wa ndani ambaye akitajwa amekufa. Stori nyingi zetu zinaruka hii na ndo maana zinanuka Marekani. Ukiiweka, njia panda inakaza yenyewe bila wewe kuongeza chumvi.

Kazi: inataka kalenda nzuri, nani alijua nini siku gani, na mahali pengi pa kupiga picha. Gharama ya kati. Inamfaa anayeandika sirizi ya episodi nyingi na anayependa kupanga.

KUONYA WATU AMA KUNYAMAZA

Kuna habari kwamba kitu kitatokea wikendi, pengine mahali pa kuuza vitu, pengine hoteli. Si ya uhakika. Ukitangaza, wahusika wanabadilisha siku na mtu wako wa ndani anajulikana. Ukinyamaza na ikatokea, wewe ulijua.

Sasa hii inaonekana ya ofisini, barua na vikao, lakini ngoja. Desemba 1988 mtu alipiga simu ubalozi wa Marekani Helsinki akasema ndege ya Pan Am kutoka Frankfurt kwenda Marekani italipuliwa. Ubalozi wa Moscow ukabandika ile taarifa ukutani kwa wafanyakazi wake, abiria wa kawaida hawakuambiwa kitu. Tarehe 21 ndege ya Pan Am ikalipuka juu ya Lockerbie, Scotland, watu 270 wakafa. Wachunguzi waliamua ile simu ilikuwa ya uongo, iligongana tu na tukio, lakini jamaa za waliokufa waliuliza swali moja rahisi, mbona wengine waliambiwa na wetu hawakuambiwa? Na kutokana na hapo Marekani ikaweka sera kwamba huwezi kuwaonya watu wako wa ubalozi alafu raia wako wengine uwaache gizani.

Ona sasa ile sera inamaanisha nini kwetu. Tahadhari inatoka kwa ubalozi, inasambaa kwa simu, na wewe uko Nairobi unaisoma na unajua haikuandikwa kwa ajili yako, lakini mtoto wako yuko hiyo mall. Tena hata kuonya kuna anayelipa. Mei 2014 Uingereza ilipotoa onyo kuhusu Mombasa kampuni za utalii ziliwarudisha kwao mamia ya watalii kwa siku chache, na wanaolipa hapo ni mpishi wa Bamburi na kijana wa mashua, watu ambao hawajalipua kitu. Kwa hivyo pande zote zina hoja, na gharama inagawanyika: ukinyamaza anakufa mtu, ukisema wanalala njaa wengi, na kama hakutokea kitu hakuna atakayejua ulikuwa sahihi.

Nairobi itaamini mara moja, ju kila mtu ashapokea huo ujumbe wa usiku wa "usiende mahali fulani, nimeambiwa na mtu wa ndani". Onyesho bora kabisa naloliona hapa ni afisa anampigia mkewe, anamwambia jumamosi usiende sokoni, bila kueleza. Amevunja kiapo kwa mtu mmoja. Majirani kumi na wawili wa ploti yao hajawaambia, na jumamosi asubuhi anawasikia wakifunga milango wakienda.

Kazi: bei rahisi, unaweza kuifanya kwa nyumba moja na simu. Hatari yake ni kupoa, ukiiandika vibaya inakuwa mkutano wa wazee. Inafaa stori fupi, na inamfaa mwandishi anayejali familia kuliko mapigano.

KUMBANA MSHUKIWA

Hii kila mtu anaijua. Mtu kwa kiti, saa inahesabu, bomu liko mahali, afisa avunje sheria ama asivunje.

Nitaipa haki yake. Afisa anayefika hapo si lazima awe mnyama, pengine amezika wenzake wiki iliyopita, na mtu mwenye ana mtoto ndani ya jengo hataki kusikia habari ya vifungu. Hiyo hoja ni ya kweli kama hisia na lazima uiandike bila kumdharau. Shida iko pale stori inapodai kwamba mateso yalileta ukweli. Ibn al-Shaykh al-Libi, mshukiwa wa ugaidi kutoka Libya, alikamatwa mwisho wa 2001, akapelekwa Misri, akabanwa, akasema Iraki iliwafundisha al-Qaeda kutumia sumu na kemikali. Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akaitumia hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa, vita vikaja, na baadaye al-Libi akakana, kwamba alisema tu walichotaka kusikia ili waache. Na Desemba 2014 kamati ya seneti ya Marekani ikatoa muhtasari kwamba zile njia za CIA hazikuwa za maana katika kupata habari. Kwa hivyo ukiandika amebanwa akasema ukweli kwa dakika nne, unamwambia msikilizaji kitu ambacho kazi yenyewe imekataa.

Nairobi? Hapa ndo kuna uzito mwingine kabisa. Chini ya Nyayo House kuna vile vyumba walimoteswa watu miaka ya themanini na tisini mwanzoni, walimu, wanafunzi, wanasiasa, na jengo ni lilelile tunapanga foleni ya pasipoti. Katiba ya 2010, kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa haiwezi kuwekewa mpaka wowote, na 2017 ikaja sheria ya kuzuia mateso. Anayelipa basi si mshukiwa peke yake (na mara nyingi hata si yeye, jina tu linafanana), ni mtaa mzima unaoacha kuongea na polisi. Njia panda nzuri kwa hii, kwa maoni yangu, si afanye asifanye. Ni afisa mdogo anayesimama nje ya mlango, anasikia, na ana mtoto wa kulisha. Aseme ama asiseme?

Kazi: kupiga picha ni rahisi, kubeba ni kugumu, waigizaji wanaumia na wasikilizaji wengine wanaweza kuwa wamepitia. Inamfaa mwandishi aliyekomaa na aliyezungumza na watu wenyewe. Kama ni stori yako ya kwanza ningekuomba uiweke kando, si kwamba haifai, ni vile inataka muda.

Jambo moja linagusa zote nne. Tafadhali usimfanye kila mshukiwa awe Msomali wa Eastleigh. Mmoja wa waliotajwa kwa Dusit alikuwa amepanga nyumba kule Muchatha, Kiambu, na babake alikuwa mwanajeshi. Aprili 2014 maelfu walizolewa Eastleigh na mitaa mingine wakapelekwa Kasarani, wengi wao bila hatia yoyote, na wana watoto ambao leo ni wasikilizaji wako.

SASA UNACHUKUA GANI

Kama una waigizaji wawili na chumba, na huna haraka, chukua informa, na kama unataka kitu ambacho hakijachoka chukua yule mzee na faili. Kama ni sirizi na unajua kupanga matukio, ya kungoja itakubeba episodi nane bila kuishiwa, hasa ukiiweka 1997 hadi 1998 ambapo kila msikilizaji anajua mwisho na bado anaomba usifike. Kama una dakika kumi tu na simu moja, ya kuonya. Kama una hasira kuhusu Nyayo House na umekaa na watu waliotoka mle, basi ya kubana ni yako, na hakuna wa kukuambia usiiandike.

Kama umekwama kati ya mbili, jaribu hivi, mimi ilinisaidia: andika ukurasa mmoja wa yule anayelipa, afisa asiwepo kabisa. Mama wa informa akifua nguo za mwanawe. Jirani akifunga mlango jumamosi. Mwenye ukurasa wake utakutoka bila kusukuma, hiyo ndo njia panda uko nayo. Mimi ulinitoka wa mzee wa Mandera, amekaa kwa benchi nje ya ofisi, kofia mkononi, anangoja kuitwa, na kwa mfuko wa kanzu ameshika picha ya kijana wake akiwa na joho la kuhitimu, ju ameambiwa alete picha.